Nyota Niliyoibomoa Mwenyewe

Nawaandikia nyinyi mnaoshika mwiko sasa hivi, hapa Mikumi, Kilosa mjini, Rudewa na kote ambako mtu akitaka nyumba anaita fundi kwanza, ramani anaiwaza baadaye. Mimi ni Fundi Rajabu. Nilisoma mpaka darasa la tatu, na hilo la tatu sikulimaliza. Lakini nimejenga zaidi ya miaka arobaini, na mtu akianza habari za matetemeko ya ardhi mbele yangu, najua kama anajua au anababaisha. Sikuzaliwa nayajua. Nilijifunza nikiwa na mvi tayari, tena kwa kuambiwa kwamba kazi niliyojivunia kuliko zote inaweza kumuua mtu akiwa kitandani kwake.

Nitafika huko. Kwanza habari ya shimo.

Walikuja wataalamu wakitafuta mtu wa kuchimba na kujenga kibanda cha mashine ya kupimia matetemeko kule Masanze, kwetu nilikozaliwa. Gari likasimama, akashuka binti wa umri wa mtoto wangu wa tatu, akaniambia shikamoo mzee. Nikaitika marahaba mwanangu, halafu nikachungulia ndani ya gari.

"Injinia mwenyewe yuko wapi?"

"Ndiyo mimi, mzee. Neema."

Sikuona aibu wakati ule, nawaambia kweli. Aibu niliiona baadaye. Akanieleza nichimbe mpaka nifike mwamba, nimwage zege juu ya mwamba, mashine ikae pale. Akanionyesha eneo, sehemu hasa ya shimo akaniachia mimi. Mimi nikachagua chini ya mkuyu mkubwa. Sababu? Kivuli. Nani anataka kuchimba juani?

Baada ya wiki kadhaa akarudi na makaratasi yenye mistari ya kupanda na kushuka. Akaniuliza, mzee, mbona hapa kila siku saa kumi jioni pana tetemeko? Nikamwambia hakuna kitu kama hicho, nimelala hapa tangu utoto. Basi tukakaa kungoja. Saa kumi ikafika, upepo ukashuka kutoka milimani kama kawaida yake, mkuyu ukaanza kuyumba, na Neema akaangalia mashine, kisha akauangalia mkuyu, kisha akaniangalia mimi. Mizizi ilikuwa inatikisa ardhi. Na hapo hapo akanionyesha mistari mingine: hii ni ng'ombe wanarudi zizini, hii ni treni, na hii ndogondogo inayorudiarudia ni mama mmoja nyumba ya nne anatwanga mahindi. Mashine ilikuwa inausikia mchi wake.

Shimo la pili nilichimba juani, kwenye jiwe tupu, mbali na mti. Nilinung'unika lakini nilichimba. Na siku ile niliacha kuiona ardhi kama kitu kilicholala. Ardhi inapokea kila unachoipa na inakipeleka kwa jirani.

Tangu hapo kila akija Neema alinichukua nimsaidie, na njiani nilimuuliza maswali. Msione haya kumuuliza mtu mliyemzidi umri. Anayejua anajua.

Nilimuuliza, inakuwaje redioni wanataja namba moja ya tetemeko, lakini Kilosa mtu anasema vyombo vimeanguka na Mikumi mtu anasema hakusikia? Akanijibu kwa ngoma. Namba ile ni nguvu ya mkono wa mpiga ngoma, ni moja tu. Lakini aliyekaa miguuni pa ngoma na aliye ng'ambo ya mto hawasikii sawa. Kwa hiyo nyumba inapata kiasi cha mahali ilipo. Na aliye kwenye udongo laini anatikisika zaidi ya aliye kwenye mwamba, hata wakiwa umbali mmoja.

Akanieleza pia kwamba mtikisiko unakuja kwa mawimbi mawili makubwa. La kwanza ni la haraka, linapiga kama mtu kagonga ukuta mara moja. La pili linakuja nyuma yake, linayumbisha huku na huku, na hilo ndilo linalovunja. Ukihesabu sekunde kati ya la kwanza na la pili, ukazidisha kwa nane, unapata kama kilomita ngapi kutoka lilipoanzia. Mimi wa darasa la tatu naijua hesabu hiyo. Nyinyi mliomaliza kidato cha nne hamkuijua mpaka leo.

Kuna siku tulipita Ruhembe, akaokota vilele vitatu vya miwa, kimoja kirefu, kimoja cha kati, kimoja kifupi. Akavichomeka kwenye ubao wenye matundu na kila kimoja akakitia donge la udongo kichwani. Akautikisa ubao polepole: kile kirefu kikacheza mpaka kikainama, kifupi kimesimama tu. Akautikisa harakaharaka: kifupi kikaanza kutetemeka, kirefu kimetulia. Akasema kila nyumba ina mwendo wake wa kucheza. Ardhi ikiupata mwendo huo huo, ni kama kumsukuma mtoto kwenye bembea kila anaporudi. Anazidi kwenda juu.

Siku nyingine alijaza beseni mchanga na maji, akaweka tofali juu, akanipa nyundo nigonge ukingo wa beseni. Nikagonga taratibu. Tofali likazama kama limekanyagwa. Nikaiweka nyundo chini, maana nilikuwa nimejenga nyumba tatu kando ya mto kwenye mchanga wa aina ile ile.

Lakini lililoniingia zaidi nilikuwa nalijua tayari mwilini bila kulijua kichwani. Ujana wangu nilipanda juu ya lori la miwa, nimesimama wima, najiona mfalme. Dereva akakanyaga mafuta ghafla. Miguu yangu ilikwenda na lori, kichwa na mabega yakabaki, na mimi nikaenda mtaroni. Neema aliposikia akacheka mpaka akafuta machozi, akasema, "Mzee, hilo ndilo tetemeko zima. Hakuna kinachoipiga nyumba. Ardhi inaondoka chini yake, uzito wa juu unabaki nyuma."

Aliyenifundisha ufundi, Mzee Mloka wa Rudewa, Mungu amrehemu, alijenga nyumba za vibarua wa mkonge. Yeye alinipa timazi, ule uzi wenye kizito chini, na kamba. Ukuta wake ukiweka timazi juu, uzi haugusi wala hauachi. Alinifundisha kwamba uzito wote unakwenda chini, na kazi ya fundi ni kuupa njia ya kushuka. Alikuwa sahihi kwa siku zote ambazo ardhi imetulia. Ya siku ile nyingine hakuna aliyemfundisha, na mimi simlaumu.

Sasa nyota.

Nyumba yetu ya matofali ya kuchoma mnaijua. Kuta nne, halafu upande wa mbele na wa nyuma ukuta unapanda juu kwa pembetatu kushika paa. Mafundi wengi waliijenga pembetatu ile kavu tu. Mimi nikabuni kuacha matundu kwa kupanga matofali ubavuubavu, yakatoa nyota kubwa katikati. Hewa inapita, mwanga unaingia, na mtu akiwa barabarani anaiona. Mji wote ulitaka nyota ya Fundi Rajabu. Watu wanaelekezana kwa simu: shuka pale, ulizia nyumba yenye nyota. Wengine walijaribu kuiga, zao zikatoka kama buibui.

Iliyo kubwa kuliko zote niliijenga kwa Masunga. Masunga alikuja na familia yake kutoka kanda ya ziwa, akalima miwa Ruhembe na kufuga, halafu akajenga hapa Mikumi karibu na barabara. Alitaka nyumba ndefu, na pembetatu ndefu, na nyota ionekane kutoka mbali. Nikampa. Nikamwambia mbele ya watu kwamba nyumba hii itawakuta wajukuu.

Siku moja tunapita na Neema kwenda kunywa chai, akaiona. Akasimama.

"Nani kaijenga ile?"

Nikanyoosha mgongo. "Mimi."

Nilingoja sifa. Yeye akawa anaangalia tu, kichwa kimeinama upande. Kisha akauliza, "Chini yake kwa ndani analala nani?"

Nikamjibu, mama yake Masunga, Bibi Kabula. Na nilipokuwa nalitamka jina hilo nikaelewa swali. Pembetatu ile haikufungwa na kitu. Juu yake kenchi, zile mbao za paa, zimelala tu, kati yake imejaa matundu, tofali limeshikana na tofali kwa udongo, saruji iko mbele tu kwenye ripu, ile ya kupaka ukutani, ili ipendeze. Ni mimi nilivyosimama juu ya lori la miwa. Na chini yake kuna kitanda cha bibi wa watu ambaye hata kusimama anasimama kwa fimbo.

Nilimkasirikia Neema siku mbili. Nilijiambia huyu mtoto hajawahi kuchanganya hata ndoo moja ya udongo. Siku ya tatu nikachukua ngazi nikaenda kwa Masunga.

Nilimwambia nataka kuishusha nyota. Akacheka, akadhani utani. Alipoona ngazi akaacha kucheka. Akaniuliza kama nimekosa kazi mpaka nimeanza kubomoa ili nijenge tena. Nikamwambia nitabomoa kwa mkono wangu na nitajenga kwa mkono wangu, yeye anipe maji ya kunywa tu. Hilo likamtia wasiwasi zaidi.

"Fundi, wewe si ndiye uliyesema nyumba hii itawakuta wajukuu?"

"Nilisema."

"Na sasa?"

"Sasa nasema nilikudanganya bila kujua."

Vijana, sentensi ile ilinitoka kama jino. Mimi sikuwa mtu wa kusema nimekosea. Na yeye hakuwa mtu wa kusikia. Akasema nyumba imesimama miaka tisa, mvua imepiga, upepo umepiga, na tetemeko dogo lile la mwaka juzi halikuangusha hata kikombe. Nikamwambia panda ngazi. Akapanda nyuma yangu, mzito yule, ngazi inalia. Nikaweka kiganja kimoja katikati ya nyota, nikasukuma kama mtu anayesukuma mlango wa jirani.

Ikacheza. Nyota nzima, ikaenda ndani kidogo, ikarudi.

Masunga akachungulia kwenye tundu. Nyumba yake haikuwa na dari. Chini pale aliona kitanda, shuka la mistari, na mama yake amekaa anachambua choroko. Akashuka ngazi mpaka chini. Kisha akasema, "Ishushe leo."

Tulimtoa bibi nje akae kivulini. Hakufurahi. Akauliza kwa Kiswahili chake cha shida kwa nini fundi anaharibu nyumba ya mwanawe, na Masunga akamjibu kwa Kisukuma maneno marefu. Bibi akanitazama, akasema, "Aliyejenga ni nani?" Nikasema ni mimi, bibi. Akatikisa kichwa akaendelea na choroko zake. Majirani walikusanyika. Mmoja akasema Fundi Rajabu amezeeka, anakula kazi yake mwenyewe. Nilishusha tofali moja moja, maana ukiangusha pembetatu kwa pamoja inakwenda inakotaka yenyewe.

Halafu tulipofika chini kwenye mkanda, lile zege linalozunguka juu ya kuta, nikaona kosa la pili, na hili msikilize vizuri kwa sababu bado mnalifanya. Niliweka zege na nondo juu ya kuta zote, nikajisifu. Lakini kwenye kona nilikuwa nimezikata nondo. Za ukuta huu zinaishia hapa, za ukuta ule zinaanzia pale, zinatazamana kama watu waliogombana. Mkanda wa namna hiyo si mkanda, ni vipande vinne. Ukuta mmoja ukitaka kutoka nje, hakuna wa kuushika.

Nondo za mkanda zinakunjwa kwenye kona na kuingia ukuta wa pili, zaidi ya urefu wa mkono wako kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Zinalaliana na za upande wa pili na zinafungwa kwa waya. Ringi nazo, zile pete za chuma zinazozifunga nondo ndefu, ncha zake usizikunje kwa pembe ya kitabu ukaziacha ziangalie pembeni. Zikunje mpaka ziingie ndani ya zege kama kulabu ya ndoano. Zege likipasuka nje, ile ya pembe ya kitabu inafunguka, ya kulabu inabaki imeshika. Usijaze matofali yaliyovunjika katikati ya mkanda eti zege liende mbali. Nimewaona mkifanya. Na juu ya mkanda usipandishe tofali. Pembetatu funga kwa mbao na bati. Nyepesi. Ikianguka, haiui mtu.

Tuliziunganisha kona za Masunga upya, pembetatu tukaifunga kwa bati, na nyumba ikawa kama nyumba nyingine yoyote. Nilipita mbele yake mwezi mzima nikiangalia upande wa pili wa barabara.

Kisha nikaanza kuzizungukia nyingine. Ya kwangu niliishusha kwanza, mke wangu Bi Zaina akisema afadhali, maana ndege walikuwa wanamchafulia vyombo. Wengine walikubali. Wengine walinipa chai na kunitoa kwa adabu. Shabani wa bucha alinitoa bila adabu. Nyota yake ilikuwa juu ya mlango wa bucha, inaangalia nje, na chini yake kuna benchi la wateja. Akaniambia mbele ya watu wote, "Fundi, nyota hii imeniletea wateja. Ukizeeka usizeekee kwangu." Watu wakacheka. Nikabeba ngazi yangu nikaondoka. Nina kiburi changu, sikurudi.

Tetemeko lilikuja mchana, nimetoka kuswali adhuhuri, nimekaa barazani navua viatu. Nikasikia dam, moja, kama mtu kagonga ukuta wa nyuma. Nikaanza kuhesabu. Moja, mbili, tatu. Bi Zaina akatoka mbio uwanjani akiniita, unahesabu nini mzee wewe, toka. Nilifika nne kabla uwanja haujaanza kuyumba, na nikatoka na kiatu kimoja. Nne kwa nane, thelathini na mbili. Karibu sana. Na nyinyi msihesabu kama mimi. Kama uko mlangoni toka ukasimame mbali na kuta. Kama uko ndani katikati, ingia chini ya meza imara ujishike, usikimbilie mlango ambao juu yake kuna tofali.

Likaisha. Nikavaa kiatu cha pili nikapanda bodaboda kwenda kwa Masunga. Bibi Kabula alikuwa amekaa kitandani kwake, amekasirika, anataka kujua nani katikisa kitanda. Ukutani, kwenye kona ya dirisha, ulikuwa umetoka ufa mwembamba ukapanda kwa mshazari mpaka kwenye mkanda, na pale umekoma. Masunga aliufuata kwa kidole mpaka mwisho wake. Kisha akanishika mkono, na hakuuachia upesi.

Kutoka pale nikaenda kwa Shabani. Nyota ilikuwa chini. Yote, na nusu ya pembetatu pamoja nayo, imelala juu ya benchi, na benchi halionekani. Nyama siku hiyo iliisha mapema, hakukuwa na mteja. Ni hilo tu. Si ufundi wangu, si akili ya mtu yeyote. Shabani amekaa chini kwenye vumbi, aproni yake imejaa unga wa tofali.

"Saa nne walikaa watu sita hapa," akasema.

Nikainama nikaanza kuondoa matofali juu ya benchi.

Akaniangalia. "Fundi, siku ile nilipokufukuza, mbona uliondoka?"

Nimeulizwa maswali mengi kwenye kazi hii, na hilo ndilo ambalo sikulijibu. Nilijua. Nilikuwa najua kwa hesabu, kwa miwa, kwa beseni, kwa kiganja changu mwenyewe, na mtu aliponicheka nikabeba ngazi.

Wiki ile ile nilirudi kwa wote walionikatalia. Walikuwa wameshaliona benchi la Shabani, hawakunitoa tena. Nilishusha nyota tano. Ya sita, goti lilikataa nikiwa katikati ya ngazi, wakanishusha kwa kunishika kiuno kama mtoto, wakaimalizia wenyewe. Sasa sipandi tena.

Zimebaki nyota nne ambazo sikuwahi kuzifikia. Mbili ziko Rudewa, moja upande wa mashamba ya zamani ya mkonge, nyumba ya kwanza baada ya mashine ya kukoboa, na nyingine nyuma ya msikiti. Moja Masanze, nyumba ya mjane, ukivuka kijito mkono wa kulia. Moja Ruhembe, ina mlango wa bluu, wapangaji wake ni wakata miwa na wanalala wanane chumba cha mbele. Ukiona nyota ya matofali imenyooka ncha zote tano, ni mkono wangu, huwezi kukosea.

Nenda mchana, mwenye nyumba akiwepo. Msalimie vizuri. Mwombe apande akaguse mwenyewe. Akikucheka, cheka naye. Akikufukuza, kaa chini pale pale mlangoni kwake, mwambie umetumwa na Fundi Rajabu, na kwamba ngazi umekuja nayo.